Masikio Mapya na Sauti Iliyopotea Nyumbani

Ndugu zangu wenye masikio mazito kama yangu, na ninyi wenye masikio mepesi mliotusindikiza, nawasalimu kwa kupunga mkono kwanza, asije mtu akasema hakusikia. Mwenyekiti ameniomba nisimame mbele yenu kwa sababu baadhi yenu karibuni mtapewa mashine za majaribio kama hizi zilizokaa nyuma ya masikio yangu. Anataka niwatie moyo. Nimemwambia nitawatia, lakini itabidi niwatishe kidogo kwanza, maana mimi mwenyewe nilitishika.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani, nashonea sebuleni kwangu hapa hapa Sumbawanga mjini. Sitoki. Wapo watu wanaofika Kipili, wanaliona ziwa, wanarudi na samaki wa migebuka. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, na katikati napumzika. Mama watoto husema siku ya mwisho malaika watalazimika kunifuata nyumbani, na nitawauliza kama wamefunga geti.

Ujana wangu nilisimamia mashine ya kusaga, kule njia ya Kaengesa. Mnaujua ule mngurumo. Watu wanakuja na madebe yao ya mahindi, wanaziba masikio kidogo, wanaondoka. Mimi nabaki nao kutwa. Na nilimaliza kidato cha nne nikijua kabisa, kwa kitabu cha baiolojia, kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo na kelele huviua. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani nikalijibu vizuri. Kisha nikaenda kusimama kando ya mashine miaka na miaka bila hata kipande cha pamba. Elimu yangu ilifanya kazi hiyo.

Masikio yalikwenda polepole. Kwanza waliondoka ndege, sikuwatafuta. Wakafuata watoto, kisha wanawake, mwisho hata padre pale altareni akawa anafungua mdomo na kuufunga tu, nami nasema amina kwa kubahatisha.

Ndugu zangu, nawaambia, kiziwi anayeona aibu ni mtu hatari. Wenzake wakicheka, anacheka. Wakihuzunika, anahuzunika. Wakimtazama kwa kusubiri jibu, anaitikia kwa kichwa. Kwa kuitikia kwa kichwa nilijikuta katibu wa kamati ya harusi ya mtu ambaye mpaka leo sijui tuna undugu gani. Naona mzee pale anacheka. Na wewe umeshawahi, usinifiche.

Basi nikarudi nyumbani nikakaa. Cherehani nimeiweka dirishani kwa ajili ya mwanga. Kutwa nzima naangalia barabara, na nyumba yote iko mgongoni kwangu: meza, kabati, jiko la mkaa mlangoni, na mama watoto. Watoto wenyewe wameshaoa na kuolewa, tumebaki wawili. Yeye ni mwanamke wa kuongea. Hapigi kelele. Anaongea chini chini, kwa Kifipa chetu cha ndani, huku anachambua maharage au anakunja nguo. Niliposhindwa kumsikia hakuacha. Nilikuwa nikigeuka kutafuta mkasi naona midomo inakwenda. Akiwa na neno la lazima ananigusa bega, ananionyesha kwa mkono: chakula, mgeni, mvua. Hayo mengine aliyasema mgongoni kwangu nami nikaendelea kushona. Tulizoea hivyo miaka mingi, wala hatukugombana. Ugomvi unahitaji watu wawili wanaosikia.

Ndipo wakaja watu wa majaribio. Walitupima, wakachagua wachache, na bahati ikaniangukia. Aliyenivalisha alikuwa binti mmoja mpole, mtaalamu wa masikio, mwenye kishikwambi mapajani. Aliponivalisha akagusa kioo chake mara moja, na sauti ikaniingia:

“Shikamoo, baba.”

Nikageuka nyuma kumtafuta aliyeongea ndani ya kichwa changu. Binti akacheka, na kicheko chake nacho nikakisikia.

“Marahaba,” nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua, maana ilikuwa ya mzee.

“Hii haikuzi sauti tu kama zile za zamani,” akaniambia. “Ina akili mnemba ndani. Inachagua.”

“Inachagua nini?”

“Unachotaka kusikia. Kelele inaziweka kando, maneno inayaleta karibu.”

“Na itajuaje ninachotaka, wakati mimi mwenyewe sijui?”

“Itajifunza kwako, baba. Wewe ishi tu kama kawaida.”

Nikaitikia kwa kichwa. Yule katibu wa kamati ya harusi alikuwa bado mzima ndani yangu.

Nilipotoka nje nikasimama. Mnaujua upepo wetu wa huku juu, unavyopiga kelele kwenye mabati. Niliona mikaratusi inainama, kanga ya mama mmoja inapeperuka, vumbi linakimbia barabarani, na hakuna sauti yoyote. Upepo niliuhisi kwa ngozi tu. Nikamrudia binti.

“Upepo uko wapi?”

“Imeuweka kando, baba. Ni kelele.”

Nikacheka naye. Lakini nilipata ubaridi mgongoni ambao haukuletwa na hali ya hewa. Kitu kinachoweza kuufuta upepo wote wa Ufipa, nikajiuliza, kitashindwa kufuta nini?

Nyumbani mama watoto alikuwa mlangoni. “Wamekupa?” akauliza. Nikamsikia. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka, na sauti yake ilikuwa imezeeka bila kunipa taarifa. Ilikuwa na mkwaruzo kidogo chini. Nikamwambia, “Wamenipa,” nikaenda dirishani kusikiliza barabara.

Hapo ndipo nilipoharibu, lakini sikujua.

Siku zile nilikuwa kama mtoto wa sikukuu. Bodaboda ikipita, nageuka. Mteja akibisha hodi, nageuka. Nina mtani wangu Msukuma anayepitisha maziwa kwa baiskeli. Alipopata habari akasimama dirishani.

“Mtani! Nimeambiwa umefufuka. Afadhali, maana ninyi Wafipa hata mkifa hamtulii.”

“Niuzie maziwa,” nikamjibu. “Maji ninayo bombani.”

Alicheka mpaka akashika usukani vizuri. Miaka yote ile alikuwa ananitania na mimi sijui! Nikawa namsubiri kila asubuhi. Na nyuma yangu mama watoto aliendelea na maneno yake ya chini chini, nami nilijua yupo, kama mtu anavyojua ukuta upo.

Kisha sauti yake ikaanza kupungua.

Mwanzoni niliona kama anaongea toka chumba cha pili, kumbe yuko mezani. Baadaye ikawa kama anaongea akiwa amejifunika blanketi. Nikafikiri ni chaji. Nikachaji. Mtani alipita, nikamsikia mpaka anavyomeza mate. Jogoo wa jirani nilimsikia, na redio ya dukani pia. Mama watoto akaja mbele yangu, akafungua mdomo, akasema jambo refu, na sikusikia hata herufi. Nilisikia kijiko alichoshika kikigonga sufuria. Nilisikia kandambili zake. Ilikuwa sauti yake tu iliyokosekana, kama imekatwa kwa mkasi kufuata mstari wa chaki.

Jamani, mnisikilize vizuri hapa. Ukiwa kiziwi kabisa nyumba nzima iko kimya na umezoea. Lakini mimi nilikuwa nasikia vyote isipokuwa mtu. Nimekaa dirishani, mgongoni mlango unafunguka. Hatua zinapita. Kikombe kinatua mezani. Maji yanamiminwa. Kiti kinavutwa, mtu anakaa, na mtu huyo hana sauti. Nikawa naogopa kugeuka. Na nikigeuka nikamkuta ananitazama, midomo inakwenda polepole kama mtu anayeongea chini ya maji, nywele zinanisimama. Ndiyo, hizi chache.

Jioni moja jumuiya ilisali rozari nyumbani kwetu. Kila aliyeongoza nilimsikia, hata bibi mmoja asiye na meno. Zamu ikafika kwa mama watoto. Akainua rozari yake, midomo ikaanza, na chumba kikawa kimya kwangu. Kimya kirefu. Kisha watu wote kwa pamoja wakaitikia, “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu…” Kimya tena. Wakaitikia tena. Walikuwa wanajibu pengo. Nilimtazama kila mmoja usoni nione kama kuna anayeshangaa, na hakuna aliyeshangaa. Nikashika ukingo wa meza mpaka zamu yake ikaisha na sauti ya jirani ikaingia kama taa iliyowashwa.

Sasa mtu mwenye akili angemwambia mkewe. Mimi nilimwambia kaka yangu mkubwa.

Kaka anaishi bondeni, upande wa Muze, na wiki ile alikuwa amepandisha mchele wake kuuza mjini, amelala kwetu. Nikamwita uani nikamweleza yote. Akawa anachokoa meno kwa njiti.

“Wengine wote unawasikia?”

“Wote.”

“Yeye peke yake ndiye humsikii?”

“Yeye peke yake.”

Akaitupa njiti. “Mdogo wangu, mkeo hayupo. Wachawi wamemchukua. Wamekuachia kivuli chake.”

“Kaka, lakini wewe unamsikia. Asubuhi kakukaribisha chai.”

“Ninasikia kwa masikio ya nyama,” akasema. “Masikio ya nyama yanafungwa, yanalishwa sauti ambayo haipo. Sisi sote humu ndani tumefungwa. Hiyo mashine imetoka kiwandani. Haina kabila, haina ukoo. Nani atairoga? Hiyo ndiyo inayosema kweli.”

Mnacheka. Chekeni. Lakini mjiulize kama ningewaambia hivyo jioni ile, uani, upepo unainamisha majani bila sauti, na kupitia dirishani mnamwona mwanamke anapanga vyombo huku anaongea na hakuna neno linalotoka. Na mji wetu huu mnajua unavyosemwa kwa uchawi. Mtu akisikia naishi Sumbawanga huniuliza kwanza habari za radi za kutumwa, ndipo aniulize habari za nyumbani. Nilikuwa nacheka maneno hayo. Uani pale sikucheka.

Kaka akasema kuna mganga bondeni anayerudisha watu. Nikamwuliza anawarudishaje.

“Kivuli hakitoki kwa kubembelezwa. Atakichapa mbele ya watu mpaka kimtaje aliyekituma. Nimlete Jumamosi?”

Na mimi, ndugu zangu, nikaitikia kwa kichwa.

Kesho yake alfajiri kaka akateremka bondeni. Mimi nikabaki na nilichokiitikia. Nilijua vizuri mambo hayo yanavyokwenda. Fimbo ile ingeangukia mgongo wa nani? Na jina lingetoka, maana anayechapwa hutaja jina lolote, na baada ya hapo kungekuwa na nyumba nyingine ya kwenda kuchapa. Wanawake waliopitia hayo wapo. Wengine hawapo.

Nikajaribu njia yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesikia tangu utoto kwamba kivuli hakili chumvi. Mama watoto alipotoka kuteka maji bombani nikamimina chumvi kwenye bakuli lake la maharage, nyingi, nikamkalisha mezani nikamwangalia kama askari magereza. Akaweka kijiko cha kwanza mdomoni. Akasimama. Akatema mlangoni. Akarudi akanielekezea kijiko usoni akasema maneno marefu sana, mkono mmoja kiunoni, na sikusikia hata moja. Nikapata faraja ya ajabu, maana hakuna kivuli kinachoweza kukasirika vile. Kisha nikawaza: na kama chumvi yenyewe imemchoma kivuli? Mtu akishaanza kuamini ujinga, kila kitu kinakuwa ushahidi.

Ijumaa mchana yule binti wa masikio akapita kukagua mashine, kama alivyotuahidi. Nikamweleza tatizo, nusu yake. Habari za vivuli nikaziacha. Akaziunganisha mashine na kishikwambi, akamwomba mama watoto aongee chochote. Mama watoto akaongea. Mimi kimya. Binti akatazama kioo muda mrefu, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

“Imeharibika?” nikauliza.

“Haijaharibika, baba. Kuna sauti moja imeiweka kwenye fungu la kelele. Iko pamoja na upepo.”

“Kwa nini?”

“Ndani kuna kitu kidogo kinachofuata mwendo wa kichwa chako. Mtu akiongea ukamgeukia, mashine inajua unamhitaji, inamleta karibu. Mtu akiongea na wewe usigeuke, inasubiri. Akiongea tena na tena, kutwa, na wewe hugeuki…” Akainamisha macho kwenye kioo chake. “Inaamini humhitaji. Inakupunguzia.”

Nikakaa. Mashine ile haikuwa imesikia uchawi wowote. Ilikuwa imekaa nyuma ya sikio langu, ikaniangalia ninavyoishi, ikaandika ilichokiona. Kwangu mimi hicho kilitisha kuliko kivuli, na mpaka leo nikikaa peke yangu kinanitisha. Kivuli ungeweza kukifukuza.

Mama watoto akasema jambo. Binti akaona aibu kulirudia.

“Anasemaje?” nikamwuliza.

“Mama anasema, ‘Kumbe hata mashine imeona.’”

Nikaomba basi ifutwe, ianze upya. Binti akasema anaweza kuifuta pale pale, lakini itajifunza tena kwa kichwa kile kile. Akaniambia ni afadhali niifundishe mwenyewe. Mama akiongea, nimgeukie, nimjibu. Nikamwuliza nitamjibuje wakati sisikii anachosema. Akasema, “Mjibu tu, baba. Itasikia unajibu.”

Alipoondoka nikampigia kaka nimwambie asimlete mtu. Hapatikani. Kule bondeni mtandao unashika pale unapotaka wenyewe. Nikapiga tena na tena mpaka nikakubali kwamba Jumamosi inakuja na itakuja na fimbo.

Nikaigeuza cherehani. Miaka yote ile dirishani, nikaivuta nikaigeuza, nikaupa mwanga mgongo. Nikamwambia mama watoto akae mbele yangu na maharage yake, nikamwambia yote: kivuli, mganga, kichwa changu kilichoitikia. Akauweka ungo chini. Akasema neno fupi ambalo sikulisikia na wala sikuthubutu kuuliza. Akakaa ananitazama. Halafu, nadhani ni kwa mazoea tu, akaokota ungo akaendelea kuchambua na kuongea.

Nami nikaanza kumjibu.

“Eeh,” nasema. Midomo inakwenda. “Ikawaje?” nasema. Inakwenda. “Kweli kabisa,” nasema, na yeye anasimama, ananikodolea macho, mabega yanaanza kutikisika kwa kicheko kisicho na sauti. Mpaka leo hajaniambia nilikubali kitu gani. Nawaambieni, kuzungumza na mtu ambaye sauti yake haipo ni kama kuweka chakula mezani kwa mgeni usiyemwona. Unaona haya. Unaogopa. Unaendelea. Kuna wakati nilidhani nimesikia mwisho wa neno, kama mtu anayefuta kitu kwa kitambaa. Kikapotea. Mnajua lori linavyopanda mlima wa Lyamba lya Mfipa likitoka bondeni: unalisikia, linaingia kwenye kona, kimya, unadhani limekwama, kisha linatokea juu zaidi. Ndivyo ilivyokuwa mpaka giza likaingia. Tulipolala lilikuwa bado chini sana.

Jumamosi wakafika. Kaka mbele, mganga nyuma, ana koti refu na mabuti ya mvua yenye tope la bondeni, fimbo imefungwa kitambaa. Na majirani, ambao hakuna aliyewaita, wakajaa uani. Mtani wangu naye akaegesha baiskeli.

Mganga akaongea kwa sauti ya kusikika barabarani. “Wewe ndiye usiyemsikia mkeo?”

“Ndiyo.”

“Na mashine inawasikia watu wote?”

“Wote.”

“Basi mashine imeshasema. Mtoeni.”

Nikasimama mlangoni. Sikuwa nimesikia bado. Nataka mlijue hilo, msije mkasema nilipata ujasiri kwa sababu niliona muujiza. Mimi hata kuku wa jirani sijawahi kumfukuza.

“Mashine imesema kweli,” nikawaambia, “lakini imenisema mimi. Mke wangu yupo humu ndani, nyama na damu. Ni mimi sikuwa namgeukia. Kaka, nisamehe nilikuitikia. Hapa hachapwi mtu.”

“Unaona?” kaka akamwambia mganga. “Kimeshamfunga mdomo.”

Mganga akaweka buti moja kwenye kizingiti. Fimbo ikainuka kunisukuma kando. Na nyuma yangu, kwa mbali, kisha karibu, kisha karibu kabisa, na mkwaruzo wake kidogo chini, nikasikia:

“Mwambie mgeni wako avue viatu. Nimepiga deki.”

Nikampa mganga mgongo. Watu wote wakaona. Fimbo iko shingoni kwangu na mimi nimegeuka.

“Umepiga deki leo?” nikamwuliza.

“Leo. Na maji nimeyabeba mwenyewe.”

“Nimekusikia,” nikasema. Nikarudia, maana sikuwa na maneno mengine. “Nimekusikia, mama watoto.”

Yeye hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mbele ya mtaa mzima. Kuna mama mmoja akasema, “Si alisema mashine haimsikii? Imemsikia!” na minong'ono ikageuka. Mganga akatazama mabuti yake kana kwamba ameyaona leo. Mtani wangu akapaza sauti kutoka kwenye baiskeli:

“Wafipa bwana! Mganga katoka bondeni mpaka mjini, kashindwa na tambara la deki!”

Uani pakalipuka kicheko, na mganga hawezi kufanya kazi mbele ya watu wanaocheka. Akaondoka bila hata kumuaga kaka. Kaka alibaki amesimama pale, hajui aangalie wapi, mpaka mama watoto alipomwambia, “Shemeji, vua viatu uje unywe chai.” Akavua.

Nina watu wa kuwashukuru. Binti wa masikio, aliyeniambia ukweli ambao ungemfanya mteja mwingine amfukuze. Mtani wangu, ambaye nimemlipa kwa kununua maziwa yake bila kuyatukana kwa wiki nzima. Kaka yangu, maana alipanda mlima kunisaidia, japo kwa fimbo, na sasa anapandisha mchele tu. Wenzangu wa jumuiya waliokuja baadaye kukaa nasi bila kuuliza maswali. Na mama watoto. Siku moja nilimwuliza alikuwa ananiambia nini miaka yote ile nilipokuwa sisikii.

“Nilikuwa nakusimulia siku ilivyokwenda,” akasema. “Ulikuwa hujibu, lakini angalau ulikuwa hunikatizi.”

Ninyi mtakaopewa mashine hizi, zipokeeni. Ni neema, wala siwatanii. Mtasikia wajukuu. Mtasikia mvua. Ila jueni kwamba zinawatazama. Yangu haijaacha. Hata wiki hii nilizama kwenye kukata suruali ya mtu, na nikaisikia sauti ya mama watoto inaanza kurudi nyuma, hatua moja, hatua nyingine, kuelekea kule upepo uliko. Nikatupa mkasi nikageuka. Angalieni mnamgeukia nani, basi, na mgeuke kabla hamjasikia vizuri. Hilo ndilo somo langu, sina la pili.

Nilikuwa na maneno mengine ya kumalizia, nilikuwa nimeyapanga vizuri. Lakini mama watoto yuko pale pembeni kwenye benchi, naona midomo yake inakwenda, na sijapata alichosema. Mniwie radhi, ndugu zangu. Nawapa mgongo.